Joto la Chumba cha Mama

Mbale, 24 Aprili 1977

Ndugu yangu Burhan,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima. Taban mume wangu anatoka asubuhi kwenda kutengeneza baiskeli zake na anarudi jioni akinuka grisi, kama unavyomjua. Binti yetu Fatumah ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Wewe sijui kama u mzima, maana mtu mzima huandika barua. Tangu umpandishe Mama kwenye basi hapo Jinja na kumtuma kwangu umenyamaza kabisa, hata nikadhani ulinitumia gunia la viazi.

Mama alifika salama. Nimemweka chumba cha mbele, kile cha upande wa barabara ulicholala wakati wa harusi yangu, chenye lile dirisha lisilofunga. Shida ni baridi. Ukungu unashuka kutoka mlima Wanale saa kumi jioni na hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Kifua chake kinapiga filimbi. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, amesema dawa hana, ila chumba kipashwe joto na kisiwe na moshi kabisa. Alisema moshi utammaliza, na Mama amekaa palepale anamsikia. Watu wengine hawakufunzwa adabu.

Sasa nakuuliza wewe unayekaa na matangi ya mafuta kutwa. Kuni nimejaribu siku mbili, nusura tumzike. Maganda ya kahawa yanatupwa bure na kile kinu cha kukoboa kilicho nyuma yetu. Unayashindilia ndani ya mkebe na yanaungua taratibu hata kutwa nzima, lakini moshi wake unakaba. Makaa analeta mama mmoja wa Kigisu, Khainza, kutoka mlimani. Halafu kuna ile hita ya mafuta ya taa aliyoacha Mhindi mwenye nyumba alipofukuzwa. Taban ameitoa stoo, ameitoa buibui, na utambi bado mzuri. Lakini mafuta nitoe wapi? Dukani yanaisha kabla sijaufikia mlango. Ya magendo yapo sokoni, lakini mwezi jana jirani yangu Nabifo aliwasha taa ikamlipukia usoni. Walikuwa wametia petroli ndani yake.

Niambie nichome nini, na nichukue kwa nani. Mama anasema unyoe ndevu.

Dada yako,
Hajara


Jinja, 6 Mei 1977

Dada Hajara,

Waalaikum salaam, na unisamehe kunyamaza. Ndevu nimenyoa. Sasa nafanana na marehemu Baba, na makarani wenzangu hapa depo wameanza kunisalimia kwa heshima. Mwambie Mama hivyo, atafurahi. Shemeji Taban nampa pole ya buibui. Fatumah mwambie jino jipya linakuja haraka kwa mtoto anayecheka.

Nimeifikiria kazi uliyonipa, na nimewauliza wazee wa hapa wanaoyajua mafuta kuliko mabosi. Kuni sahau. Maganda waachie wachoma matofali. Makaa ni namba mbili. Namba moja ni hiyo hita, kwa mgonjwa wa kifua hakuna kama hiyo, mradi mafuta yawe safi na utambi ukatwe sawasawa kila siku ya pili. Ukiona moto wa njano, kata tena. Unataka moto wa buluu.

Kabla ya kumimina, yapime. Weka tone moja kwenye kiganja na ulipulize. Likikauka upesi na kukuachia ubaridi, yana petroli, yamwage mbali na nyumba. Mafuta ya taa hayana haraka, yanabaki kiganjani yanateleza.

Kuhusu muuzaji, duka la serikali ni safi lakini halina kitu. Sokoni wanacho kitu lakini si safi. Ninaye wa tatu, Afande Asadu wa pale kambi ya jeshi ya Kimaka. Huyu ni mtu wetu, tulisoma madrasa moja, na mafuta yake nimeyapima mwenyewe. Anayapata wapi sikumwuliza, na wewe usiniulize. Mzigo ataleta Odhiambo, Mjaluo wa Kisumu anayeendesha lori la chumvi. Anapita hapa na kwenu karibu kila wiki. Barua pia mpe yeye, maana posta siku hizi wanasoma kabla yetu.

Debe la kwanza linakuja na barua hii. Mpashe Mama joto.

Ndugu yako mtiifu,
Burhan


Mbale, 2 Juni 1977

Burhan,

Salaam. Watoto wazima, jino la Fatumah limechungulia. Debe lilifika limejaa, na huyo Odhiambo wako ni mtu mstaarabu, alikataa hata chai mpaka alipoliweka ndani kwa mikono yake. Nimeyapima kwenye kiganja. Yanateleza.

Mama amepata nafuu, nakuambia kweli. Ile hita amekwisha kuipa jina, anaiita Mhindi. Giza likianza kuingia utamsikia: "Hajara, mwasheni Mhindi." Anakaa mbele yake na viganja vyake wazi na anaielezea habari za mji wa Bombo na za Baba, kama mgeni aliyekuja kumtazama. Filimbi ya kifua imepungua sana. Wiki nzima sijamsikia akiamka kukohoa.

Taban amesafiri. Ni safari ya kazi, sijui atarudi lini.

Wewe usije kwanza kututembelea, najua ulisema utakuja mwezi wa saba. Nyumba ni ndogo na Mama anahitaji utulivu. Tuma tu debe la pili kabla mwezi haujaisha, maana Mhindi anakunywa.

Hajara


Bugembe, 4 Julai 1977

Dada yangu,

Natumaini mmeamka salama wote, na shemeji amekwisha rudi safari. Mimi ni mzima. Nimehamia Bugembe, kwa rafiki yangu Bogere mwenye duka la spea, hewa ya huku ni nzuri. Barua zote mpe Odhiambo, anajua mlango. Usiandike kwa anwani ya depo.

Kuhusu mafuta ya taa, nimelifikiria tena jambo lile na nimebadili mawazo. Mafuta ya taa yananuka, yanawasha macho, na kwa mtu wa umri wa Mama nadhani makaa ni bora. Chukua makaa ya huyo Khainza. Achague ya mti mgumu, mazito, yanayolia kama chuma ukiyagonga. Yale mepesi yanayovunjika mkononi yana moshi, mwachie mwenyewe. Yawashe nje mpaka yawe mekundu yote, ndipo uingize jiko chumbani.

Makaa yanataka hewa ipite. Lakini dirisha la chumba kile linajulikana, hata likifungwa unaweza kupitisha mkono, kwa hiyo sina wasiwasi.

Debe la pili usilingoje. Msalimie Mama, mwambie ndevu zimeota tena kidogo tu.

Burhan


Mbale, 19 Julai 1977

Burhan,

Salaam nyingi. Watoto wazima, Taban bado safarini. Na wewe umekuwa adui wa mafuta ya taa tangu lini? Mwezi wa tano uliyasifu kama muuza dawa wa sokoni, mwezi wa saba yanaharibu macho. Ya kuhamia Bugembe kwa ajili ya hewa sitayasema. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa anafuata hewa barabara ya Iganga?

Lakini nimekutii, kwa sababu mafuta yameisha na siku hizi baridi inaingia mifupani. Khainza alinimwagia gunia uani akagonga makaa mawili nisikie. "Mama Fatumah, makaa hii iko sawa, moshi hakuna, hata mtoto mchanga analala nayo." Nayawasha nje vilevile ulivyosema. Yakiwa mekundu matupu naingiza jiko kubwa kwa Mama, na juu yake namtupia buhuri, ubani na vipande vya sandali alivyokuja navyo kwenye kasha lake. Ungemwona! Anajifunika khanga juu ya jiko kama bibi harusi wa kwetu Wanubi kabla ya kupelekwa kwa mumewe, moshi ule mtamu unampanda, anasema hivi ndivyo mama yake alivyomlea. Mhindi amesahauliwa. Sisi tumezaliwa na makaa ndani ya nyumba, hata sijui kwa nini tulihangaika na mafuta ya watu.

Na chumba kinashika joto sana sasa. Upepo hauingii tena hata kidogo. Ukifungua mlango asubuhi unapigwa na joto na harufu ya sandali kama duka la Mwarabu.

Jambo moja tu, akiamka anasema kichwa kinamgonga, na juzi alitapika kidogo. Nadhani ni malaria. Nimempa klorokwini. Odhiambo hajapita wiki hii, barua itamngoja.

Hajara


Bugembe, 11 Agosti 1977

Dada Hajara,

Toa jiko chumbani kwa Mama. Litoe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma, kisha urudi.

Barua yako ya Julai imenifikia leo mchana. Odhiambo alizuiwa kwenye kizuizi cha barabarani siku nyingi pamoja na lori lake, ndiyo sababu. Kichwa kile si malaria. Makaa mekundu yana sumu isiyo na moshi wala harufu. Pale depo tulikuwa na mlinzi aliyejifungia kwenye kibanda chake na jiko la makaa siku ya mvua, na asubuhi tulimtoa amekufa, blanketi limemfunika vizuri. Hiki ndicho nilichokuwa nakijua nilipokuandikia kwamba makaa yanataka hewa. Sikukueleza kwa nini, nisije nikakutia hofu. Niliona dirisha lile linatosha.

Umeandika upepo hauingii tena. Dirisha limekuwaje, Dada? Nani amelifunga? Mtoe Mama nje akae uani, apate hewa, hata kama kuna baridi. Baridi hatakufa nayo leo.

Na ujue makaa si bora. Niliandika hivyo kwa sababu mafuta sikuwa nayo tena. Mengine nitakuambia. Odhiambo ameahidi kwamba hatasimama popote mpaka akufikie.

Burhan


Mbale, 15 Agosti 1977

Burhan,

Barua yako ililetwa tarehe kumi na tatu. Mama tulimzika Alhamisi, tarehe nne. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Usiku ule nilimwekea jiko kama kawaida, akaniombea dua, akaniambia nizibe vizuri chini ya mlango. Asubuhi nilifungua nikamkuta amelala kwa ubavu, uso ameuelekeza kwenye jiko. Midomo ilikuwa myekundu, uso umetulia. Nilimgusa mkono, ulikuwa na joto. Nikamshukuru Mungu kwamba leo hakuamka na kichwa. Nikarudisha mlango polepole ili nisimwamshe, nikaenda kumpikia uji. Nikautia maziwa. Nilikaa jikoni nao kwa muda mrefu nikingoja aniite, na ulipoanza kupoa ndipo nikaingia tena.

Nilikutumia telegramu kwenye depo yako siku ileile. Ilirudi imeandikwa kwamba mtu huyo hajulikani hapo. Bugembe sikujua nyumba, na Odhiambo hakuwepo. Kwa hiyo Mama alishushwa kaburini na majirani, mwanawe wa kiume hayupo na mkwewe hayupo.

Umeuliza habari ya dirisha. Nililipigilia mbao tarehe ishirini na tatu Mei. Taban hakusafiri. Watu watatu wa usalama wenye miwani myeusi walikuja na gari mchana, yeye ameinama kwenye tairi la baiskeli ya mwalimu mmoja, wakamwuliza jina lake, wakamtia kwenye buti la gari. Spana ilibaki chini. Nilikwenda kambi ya jeshi, nikaambiwa hayupo. Nikaenda polisi, hayupo. Gari lile likawa linapita barabara yetu, na likiona mwanga dirishani linasimama, mtu anashuka, anasimama tu. Basi nikapigilia mbao, nikaziba nyufa kwa magunia ya kahawa, nikaweka blanketi chini ya mlango. Sikukuandikia kwa sababu nakujua. Ungepanda basi siku ileile, ungekwenda kuuliza maswali, na wao wangekuweka alipo Taban. Nilitaka nibakiwe na mwanamume mmoja.

Kwa hiyo ni mimi niliyefunga. Nilisoma kwenye barua yako kwamba makaa yanataka hewa, nikajiambia makaa yangu hayana moshi, na nikaona haya kukuambia kwamba dirisha halipo tena.

Nimekasirika na wewe, Burhan, sitaficha. Kwa nini mafuta yaliisha?

Hajara


Kisumu, 2 Septemba 1977

Dada yangu Hajara,

Barua yako imenikuta huku kwa mama yake Odhiambo. Nimevuka mpaka usiku nikiwa chini ya magunia matupu ya chumvi, na ni mzima, kama huo ni uzima. Kila swala namwombea Mama, halafu nabaki nimekaa kwenye mkeka mpaka waniite mara mbili. Namwombea na shemeji Taban. Alinifundisha kuendesha baiskeli, na mimi nilikuandikia kumpa salaam za safari.

Umeniuliza kwa nini mafuta yaliisha. Afande Asadu alichukuliwa Juni, tarehe ishirini. Wakubwa wake wenyewe walikuwa wanauza mafuta yaleyale, yeye kosa lake lilikuwa kuuza bila kuwagawia. Walimpiga mpaka akataja aliowapa. Karani mmoja alinidokeza kwamba wananitafuta, nikatokea dirisha la choo, na sikurudi tena depo wala nyumbani. Kwa Bogere nilikaa kwenye stoo ya spea wiki saba bila kuona jua.

Ningeweza kukuandikia neno moja tu: mafuta hakuna, nimekimbia, jihadhari. Niliogopa barua isije ikashikwa, Odhiambo akaponzwa. Hiyo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimekuchagulia muuzaji nikajisifu kwamba ni mtu wetu. Basi nikayafanya makaa yawe ushauri wa mtaalamu. Nilimtafutia Mama sababu za uongo za kuchoma kitu nilichojua kinaua.

Sijui nimwombe nani radhi. Nakuomba wewe.

Odhiambo anakuletea debe moja la mafuta ya taa kutoka huku. Nimelipima kwa kiganja. Najua halina mtu wa kumpasha sasa, lakini nilikuwa na nauli ya kitu kimoja tu na sikuweza kufikiria kingine.

Njoo huku na watoto.

Burhan


Mbale, 20 Septemba 1977

Ndugu yangu,

Assalaam alaikum. Idi imepita, watoto hawakupata nguo mpya lakini walikula. Arobaini ya Mama tuliisoma zikiwa zimebaki siku chache Idi iingie, na Nabifo alikuja kunisaidia kupika ingawa si Mwislamu na uso wake bado haujapona. Jino la Fatumah limetimia.

Nimekusamehe. Ilinichukua siku nyingi, na kuna asubuhi najikuta nimekukasirikia upya, ndipo nakumbuka kwamba mbao nilizipigilia mwenyewe. Tuliogopa wote wawili, na kila mmoja akamficha mwenzake.

Kisumu siji. Taban akirudi ataitafuta nyumba hii.

Debe lilifika. Niliweka tone kwenye kiganja kwa mazoea tu, na halikukauka. Nikakaa na kiganja kile wazi nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikachukua nyundo ya Taban nikang'oa mbao zote. Magunia nikayarudishia kinu. Sasa tunalala chumba cha Mama sote, na jioni namwasha Mhindi, dirisha likiwa wazi na mwanga wake unafika mpaka barabarani. Juzi lile gari lilipita, likapunguza mwendo, likasimama. Sikuzima. Baada ya kitambo liliondoka.

Jana Fatumah aliniuliza kwa nini tunapasha joto chumba huku tumeacha dirisha wazi. Nilitaka kumwambia ni kwa ajili ya harufu. Kisha nikamketisha kitandani pa bibi yake nikamwambia yote, la baba yake na la bibi yake na la mjomba wake, kama nilivyokuandikia wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda akakata utambi.

Dada yako,
Hajara